Mgeni Njoo, Mtoto wa Zombe Apone?

Hapana mtu wa Mombasa asiyejua mbaazi za nazi na mahamri. Ndicho kifungua kinywa chetu tangu tulipokuwa watoto wa chuoni, na mwanamke azipikaye vyema hujulikana mtaa mzima kabla ya mumewe kujulikana. Lakini mwulize mlaji mbaazi hizo zimelimwa wapi, naye atakutazama kama aliyeulizwa upepo wa kusi ulilala wapi jana. Atajibu tu, "Zatoka bara." Bara yenyewe, msomaji, kwa sehemu kubwa ni Ukambani: Machakos, Makueni na Kitui. Huko ndiko zinakolimwa mbaazi nyingi za Kenya. Pojo nazo, ambazo wenyewe huziita ndengu, ni hali kadhalika. Na mabuyu yale tunayowanunulia wajukuu, yaliyotiwa rangi hata ulimi ukawa kama wa mla tambuu, mengi yameokotwa chini ya mibuyu ya huko huko.

Kwa hiyo nilishangaa nilipoyasoma matokeo ya uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014. Katika Kenya nzima, kaunti mbili ziliongoza kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, nazo ni Pokot Magharibi na Kitui. Katika kila watoto 100 wa Kitui, 46 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Nchi inayotupa sisi mbaazi na pojo, vyakula ambavyo kila mganga wa lishe huvisifu, watoto wake hawakui!

Habari za namna hii huwa na mguu mrefu. Zikifika Ulaya na Marekani, huleta wageni. Kila mwaka vijana wa huko hujilipia nauli wenyewe, wakaja Afrika ya Mashariki kwa juma mbili, mwezi au miezi mitatu, kupima watoto uzito, kupika uji na kufundisha akina mama, na kabla ya kurejea kwao wakapitia Tsavo kutazama ndovu na kumalizia Diani kuoga bahari. Kujitolea na kutembea, mambo mawili katika safari moja. Sisi wa pwani tumewazoea pale wanapomalizia, wakiwa wameungua pua na kuvaa vikoi. Pale wanapoanzia hatupajui. Ndipo nikafunga safari ya kwenda Zombe.

Zombe ni soko dogo la Kitui Mashariki. Mtu atokaye Mombasa hushukia Kibwezi katika njia kuu ya Nairobi, akashika barabara ya lami inayopita Ikutha na Mutomo hata mji wa Kitui, kisha akageukia mashariki. Njiani upande huo kuna jiwe kubwa mno liitwalo Nzambani, limesimama peke yake kama jahazi lililokwama mchangani. Wenyeji husema atakayelizunguka mara saba, akiwa mwanamume atageuka mwanamke, na mwanamke atageuka mwanamume. Wageni hupenda sana kupigwa picha hapo. Mimi sikulizunguka hata mara moja. Nina wajukuu, nao wangeniitaje?

Ndani ya matatu ya kutoka Kitui nilikaa na msichana mmoja wa Kizungu, mwanafunzi, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunipa idhini. Alikuwa amekuja kujitolea katika mambo ya lishe ya watoto, na baada ya majuma machache alikuwa aende mbugani na kisha pwani. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Alinieleza kwamba kabla ya kuja alidhani atawakuta watoto waliokonda mbavu nje, kama wale wa mabango ya kuomba misaada. Alipofika akawakuta watoto wanacheka, wanakimbia, wanamwita mzungu kwa vifijo. Akadhani ameletwa mahali pasipo na njaa. Kisha mama mmoja akamtajia umri wa mtoto aliyekuwa amembeba, na msichana yule akaona haya, maana alimdhania mtoto wa miaka miwili, kumbe ana minne.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kukonda ni kitu kimoja na kudumaa ni kitu kingine. Mtoto aliyekonda huonekana, naye aweza kuokolewa kwa majuma machache. Aliyedumaa haonekani. Amekosa chakula cha kutosha na chenye mchanganyiko kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, pengine tangu alipokuwa tumboni, akawa na sura njema na kimo cha mdogo wake. Wataalamu husema siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hata mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazoamua. Zikipita hazirudi. Kwetu sisi hesabu hiyo si ngeni, kwani miaka miwili kamili ya kunyonyesha imetajwa katika Suratul Baqara tangu kabla hapajakuwa na mizani ya kumpimia mtoto. Basi mgeni wa juma mbili atafanya nini na ugonjwa wa siku 1,000?

Si kwamba mgeni ni kitu kipya Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremsha pembe za ndovu mpaka Mombasa, na mfanyi biashara aliyevuma zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui. Yeye ndiye aliyemkaribisha kwake Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai. Krapf akaenda Kitui mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa huko, akauona mlima Kenya na theluji yake. Wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 akarudi tena, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini na kiu yake. Alipofika mtoni alijaza maji hata katika mitutu ya bunduki, kwa kukosa chombo cha kuchukulia. Mgeni aliyekuja kuwaongoza wenyeji njia akawa yeye ndiye wa kuongozwa! Hata nyakati za dhiki njia hiyo ilitumika kinyume chake, kwani katika njaa ya mwaka 1836 Wakamba wengi waliteremka pwani, na wako waliobaki huku mpaka leo, majirani zetu.

Wakamba njaa zao huzipa majina, kama sisi tunavyozipa majina pepo. Ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyoanza 1898, waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali isimwache mtu. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nami nimeshika, yaani fedha imo mkononi lakini hakuna cha kununua. Sijasikia jina litakalodumu la ule ukame wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana. Huko tegemeo ni mvua za Novemba na Desemba kuliko za masika. Zikikosa hizo, mwaka mzima umekwenda.

Zombe nilipokelewa na mama mmoja ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya kwao, akaniita "Mzee wa Mombasa" na jina hilo likanikaa mpaka nilipoondoka. Alinikaribisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharage. Hakukuwa na nyama ndani yake, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza kilichinjwa na nani. Nilikula nikashiba.

Kazi ya mama huyu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mkobani ana utepe wa plastiki wenye rangi tatu. Huuzungusha katikati ya mkono wa mtoto wa kushoto, juu ya kiwiko. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo kikiangukia penye kijani, kuanzia sentimita 12 na nusu, yu salama. Manjano ni hatari inayobisha hodi. Nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu, mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Utepe wenyewe hauna uzito wa jani, na siku hizi hata akina mama hufundishwa kuutumia wenyewe nyumbani. Nilimwuliza kama wageni wanaokuja hutumia utepe huo huo. Akasema ndiyo, hutumia, na wengine wana mkono mwepesi kuliko wake.

"Lakini, mzee," akasema, "wao hupima mkono. Mimi nyumba hiyo naijua."

Nilimtaka anieleze. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nyumba hii mtoto ni manjano kwa sababu mama huenda mtoni kuchota maji asubuhi na kurudi jua limepanda, na mtoto hubaki na nyanya yake na uji uliopoa tangu alfajiri. Nyumba ile wana ndengu magunia mawili, lakini zote zitauzwa kwa dalali kulipa karo, na watoto watakula ugali mtupu. Nyumba ya tatu baba yuko Nairobi naye hatumi kitu, na mama ana mimba nyingine. Ya nne chakula kipo, lakini choo hakipo, na mtoto haishi kuharisha. Nyumba nne, watoto wanne wa rangi moja ya manjano, na dawa nne mbali mbali. Mgeni atawaandika wote katika safu moja ya daftari.

Hebu sasa nieleze, msomaji, kwa nini jambo hili si la mzaha, na kwa nini nia njema peke yake haitoshi. Mfano wake haukutokea Ukambani. Ulitokea Jinja, Uganda, mji ambao watalii huupenda kwa ajili ya chanzo cha Nile na michezo ya mashua katika maporomoko. Mwaka 2009 msichana wa Kimarekani, Renee Bach, aliyekuja kwa mara ya kwanza kujitolea akiwa na miaka 18 au 19, alianzisha huko shirika la Serving His Children, akapokea watoto wenye utapiamlo mkali. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kati ya 2010 na 2015 walipokewa watoto 940, na katika hao 105 walikufa. Mwaka 2015 wakuu wa afya wa wilaya wakakifunga kituo. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Jinja. Mwenyewe alikanusha kwamba alijifanya daktari, akasema alifanya kazi pamoja na wauguzi wa Uganda. Na mwaka 2020 pande mbili zikapatana, akina mama wakalipwa fedha bila ya shirika kukiri kosa. Wako waliomtetea kwamba watoto wale walikuja wakiwa mahututi na wengi walipona. Hilo nalo ni kweli lisilofutika. Lakini hata watetezi wake hawana jibu la swali moja: kwao Virginia, je, angeruhusiwa?

Wengi hudhani kumtibu mtoto mwenye njaa ni kumpa chakula. Sivyo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza kila kitu. Moyo umedhoofu, ini limechoka, chumvi za mwilini zimevurugika. Mtoto huyo ukimjaza chakula kingi siku ya kwanza, kwa huruma yako, waweza kumuua kwa mkono wako mwenyewe. Huanzwa na maziwa maalum mepesi, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Hupewa joto, maana hupoa kama samaki. Huangaliwa sukari ya damu isishuke. Hupewa dawa za kuua vijidudu hata kama hana homa, kwani mwili wake hauna nguvu hata ya kutoa homa. Dawa ya kuongeza damu yenye chuma, ambayo kila mtu angedhani ndiyo ya kwanza, hungojwa mpaka mtoto aanze kunenepa. Maji ya mshipa, ambayo ndugu wa mgonjwa huyadai kwa kelele, hayatiwi ovyo. Ni baada ya siku kadhaa ndipo anaongezewa. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa nyumbani kwa ule mchanganyiko wa njugu, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, uliobuniwa Ufaransa mwaka 1996. Pakiti moja ni gramu 92 nayo ina nguvu ya kalori 500. Hata Athi River, papa hapa Kenya, hutengenezwa. Haupikwi, wala hautiwi maji, na hilo limeokoa watoto wengi katika nchi ambazo maji yenyewe ndiyo ugonjwa.

Mtu wa kwanza kuuandika vizuri ugonjwa wa kuvimba kwa utapiamlo alikuwa naye mgeni, Dakta Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alipoandika habari zake katika miaka ya 1930 hakuupa jina la Kizungu. Aliwauliza akina mama wa Kiga wao wanauitaje, wakamwambia kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Jina la akina mama ndilo dunia nzima inalotumia. Nasi tukakumbuka neno letu: si wazee wetu walisema mtoto fulani amebemendwa? Walichokiona ni kile kile, mtoto aliyeachishwa kabla ya wakati wake. Waliloongeza ni lawama juu ya wazazi. Na kwa majirani zetu Wamijikenda kuna chirwa, ambayo nayo humtia mama aibu ya zinaa. Mama mwenye aibu humficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hapimwi mkono.

Mfano mwingine wa Uganda napenda zaidi kuusimulia, na unasikitisha kwamba hauvumi kama ule wa Jinja. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu. Jina limetokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mama mwenye afya. Miongoni mwa waliokuwa nyuma yake alikuwa Profesa Derrick Jelliffe, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Makerere. Akili ya kituo hicho ilikuwa hii: mtoto asitibiwe mama akiwa ameketi pembeni. Mama alale pale, alime bustani ya pale, apike kwa vyakula vinavyopatikana kijijini kwake, ndizi, maharage, njugu na mboga katika kifurushi kimoja cha jani la mgomba, naye aone kwa macho yake mtoto akinyanyuka kwa chakula alichokipika yeye. Akirudi kwao, hakurudi na deni la shukrani kwa mzungu. Alirudi na ujuzi, akawa mwalimu wa jirani.

Nilipomsimulia mama wa Zombe habari za kituo hicho, alicheka. Akaniambia wao nao wana mwethya. Mwethya ni ushirika wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana kazi bila malipo, leo shambani kwangu, kesho kwako. Kwa mwethya wamechimba matuta ya kuzuia udongo, na kwa mwethya wamejenga mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui inayo kwa mamia. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mvua ikija maji huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na katika mchanga huo maji hukaa yamejificha, jua lisiyaone. Ukame ukiingia watu huchimba kidogo wakateka. Usidhani nimetoka katika habari za lishe, maana mama aliyekuwa akirudi na maji jua limepanda, sasa hurudi uji haujapoa. Shirika la SASOL la huko huko Kitui limesaidia kwa ufundi na saruji, na fedha nyingine zimetoka kwa wageni wa mbali. Lakini mawe yamebebwa na wenyewe.

Tena wenyewe hao ndio wanaojitolea kuliko yeyote. Wahudumu wa vijiji kama mama yule walitembea miaka mingi bila ya mshahara, na wala hakuna aliyewapiga picha. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, ndipo serikali ilipowatambua kwa jina la wahamasishaji wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho. Mgeni anayekuja kwa mwezi mmoja huitwa mfadhili. Yeye aliyetembea miaka kumi huitwa mama fulani.

Kuna na jambo la hatari ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu huko Makueni na Kitui, yakawa na sumu ya aflatoksini. Walipatwa watu 317, wakafa 125. Tangu hapo akina mama wa huko hunusa mahindi, huyatazama rangi, huyatafuna moja kabla ya kusaga. Mgeni aliyefundishwa darasani kwamba mahindi ni wanga tu, na aketi kwanza kitako ajifunze kwa bibi mwenye ghala.

Sasa nirudi kwetu, kwani hapa ndipo nilipoona haya mimi mwenyewe. Uchunguzi wa 2014 uliposema Kitui ni 46, Kilifi ilikuwa 39. Ulipofanywa tena mwaka 2022, Kitui ilikuwa imeshuka sana, na nchi nzima imefikia 18 katika kila 100. Nani aliyeshika nafasi ya kwanza? Kilifi, 37. Si Turkana wala Mandera, ni Kilifi ya nazi na korosho, yenye Malindi na Watamu, yenye kituo cha utafiti ambacho madaktari wa dunia hukiheshimu kwa elimu yake ya magonjwa ya watoto. Ganze na Magarini si mbali na misikiti yetu. Vijana wa Ulaya huvuka bahari kwenda kumpima mtoto wa Zombe, kisha huja kupumzika Watamu, wakalala mwendo mfupi kutoka kwa mtoto aliyedumaa zaidi. Wao wana udhuru, hawakuambiwa. Sisi?

Watu wa kwetu hupenda kusema kwamba kujitolea ni mambo ya Wazungu. Wamemsahau Dakta Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait. Yeye alikuwa tabibu wa matumbo, amesoma Baghdad, Liverpool na Montreal, na angeweza kukaa kwao akala matunda ya elimu yake. Mwaka 1981 alianzisha shirika la misaada ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama Africa Muslims Agency, leo Direct Aid, akawa akizunguka Afrika, vijiji visivyo na barabara, miaka 29, huku ana sukari na moyo. Alifariki mwaka 2013. Alichimba visima, akajenga zahanati na shule, na alipokwenda mahali alirudi tena na tena mpaka watu wakamjua kwa sauti. Safari yake nayo ilikuwa safari, naye bila shaka aliona milima na mito mizuri. Sidhani kuna ubaya. Krapf aliutazama mlima Kenya, na mimi nililitazama jiwe la Nzambani. Kutembea katika ardhi na kuona si dhambi.

Wazee wetu walikwisha liweka jambo hili mahali pake, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msichana yule wa Kizungu, tulipoagana Zombe, nilimtafsiria methali hiyo. Akafikiri kidogo, akauliza kama jembe hilo wenyeji hulitoa kweli. Swali zuri. Mara nyingi hatulitoi. Tunampa mgeni kiti, soda na mtoto wa kupakata, tukamwacha apike uji ambao jirani yetu angeupika vizuri zaidi, kwa sababu pamoja na uji huo huja fedha. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba siku aliyoiona ya maana kuliko zote ni ile aliyokaa na daftari la zahanati, akinakili upya majina yaliyoliwa na mchwa, ili mhudumu ajue ni mtoto gani hajarudi. Kazi ya kiti, isiyo na picha. Aliifanya kutwa, na mama wa Zombe alimsifu kwa hiyo, si kwa uji.

Asubuhi ya kuondoka kwangu lori la dalali lilikuwa sokoni likipakia mbaazi. Gunia likiwekwa mizanini, dalali alisoma kwa sauti, na karibu yake, chini ya mti, mama yule alikuwa amewapanga watoto akipima mikono, naye akisoma kwa sauti. Sauti mbili zikapishana, kilo na sentimita. Nilinunua mbaazi kilo tatu za kwetu nyumbani. Mama akanipa na utepe mmoja uliochakaa, akasema, "Kawapime na wa huko, mzee."

Nilifika Mombasa usiku. Siku ya pili baada ya alasiri nikawaita wajukuu, nikawapima mmoja mmoja kwa mchezo, wote kijani, wakashangilia. Mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa dada anayetufulia nguo, mwenyeji wa Ganze, mtoto mchangamfu ambaye kwa zaidi ya mwaka amekuwa akicheza katika baraza yangu. Naye akanyoosha mkono wake wa kushoto apimwe. Nikauzungusha utepe juu ya kiwiko, nikauvuta taratibu kama nilivyofundishwa. Ukasimama penye manjano.

Nilimwuliza mama yake mtoto ana umri gani. Akaniambia miaka minne. Nilikuwa nikimdhania wa miaka miwili na nusu.